Mtaa Ulioandikwa Udongo

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kusema mbele ya mgeni, baada ya shikamoo, ni kwamba nyumba yetu ni ya udongo. Watoto wengine hufundishwa majina ya wazazi wao ili wakipotea wajulikane. Sisi tulifundishwa udongo. Ukiulizwa na mtu usiyemjua, hasa mwanamume mwenye mkoba, unasema: ya udongo, bati juu. Halafu unanyamaza, huongezi. Kakangu siku moja aliongeza, akasema "ya udongo, hata ukitaka gonga uone," akapigwa kofi la kisogo mbele ya mgeni mwenyewe, ambaye kumbe alikuwa anauza nyembe.

Nyumba ilikuwa ya mawe.

Inabidi nieleze, maana mtu wa bara akisikia haya anadhani tuna wazimu. Kwetu Kisauni, na hata Likoni na Changamwe, kuna desturi ya mtu kuwa na nyumba bila ardhi. Ardhi ina mwenyewe, anakaa mjini, au Uarabuni, au haijulikani anakaa wapi. Wewe unapewa kiwanja, unajenga nyumba yako kwa jasho lako, na kila mwezi unalipa kodi ya ardhi. Nyumba ni yako kabisa. Unaweza kuiuza, kuipangisha, kuwaachia watoto. Ardhi si yako, hata kijiko kimoja cha mchanga. Na sharti ni moja: usijenge kitu cha kudumu. Fito, udongo, makuti, na baadaye wakakubali bati. Siku mwenye ardhi akiitaka ardhi yake, unabomoa chako unaondoka. Ukijenga kwa mawe ni kama umemwambia huondoki, na hakuna mwenye ardhi anayependa kuambiwa hivyo.

Lakini udongo nao jamani. Masika yakipiga, ukuta unakwenda na maji. Mchwa wanakula fito huku umelala unawasikia. Kila mwaka unakandika upya, na kila mwaka ukuta unapinda upande mwingine. Kwa hivyo watu wa mtaa wetu walifanya walivyofanya. Walijenga nyumba ya mawe ndani ya nyumba ya udongo, ukuta mmoja mmoja, kwa upande wa ndani, na ule wa udongo wakauacha nje kama nguo.

Babangu alikuwa kibarua, leo kiwandani, kesho bandarini, kesho kutwa nyumbani amekaa. Akishika pesa kidogo yananunuliwa mawe, yale meupe ya kukatwa machimboni, yanaletwa kwa mkokoteni yamefunikwa magunia ya makaa. Yaliletwa katikati ya mwezi, kwa sababu mzee wa kodi huja mwanzo wa mwezi. Fundi tulikuwa tunasali naye kanisa moja. Amejenga karibu mtaa mzima kwa mtindo huo na hakuwahi kutoa neno, na alipokufa mtaa mzima ulikwenda kumzika Kaloleni.

Chumba cha watoto kilipungua. Ukuta wa ndani ulikula shubiri kila upande mpaka kitanda hakikuenea, babangu akakikata miguuni kwa msumeno. Nimelala magoti yamekunjwa tangu nikiwa darasa la tatu mpaka nilipoolewa. Ndoa iliisha, nikarudi, nikalala mlemle. Mpaka leo nikinyoosha miguu kitandani nahisi kama nimo chumba cha watu.

Ukuta mmoja tu haukuwahi kufanywa, ule wa nyuma, wa jikoni. Babangu alifariki kabla haujafikiwa. Mamangu alikuwa akisema ule ukuta ndio unaomwokoa mbele ya Mungu, kwa kuwa akisema nyumba ni ya udongo si uongo mtupu, kuna udongo mle.

Mtaani kila mtu alijua ya mwenzake. Pakiwa na matanga, watu wamejaa sebuleni wameegemea kuta ngumu, baridi, utawasikia wakilalamika: mvua ya mwaka huu itatumaliza sisi watu wa udongo. Na wengine wanaitikia, kweli, kweli, tumekwisha. Nikiwa msichana nilidhani wanafanya mzaha. Nilipokua niligundua hawachezi. Walikuwa wamelisema mpaka likawakaa mdomoni, na lisingetoka tena.

Aliyefichwa alikuwa mtu mmoja tu, naye ni mzee wa kodi.

Alikuwa mzee wa Mji wa Kale, kanzu, koti juu ya kanzu hata jua liwe kali namna gani, na kofia ya kushonwa kwa mkono. Yeye si mwenye ardhi, alikuwa mtumishi wa mwenye ardhi tu, anayezunguka kukusanya. Alianza kuja akiwa kijana, kabla mimi sijazaliwa. Anapiga hodi, anangoja aitikiwe, hata mlango uwe wazi. Anaketi kiti kilekile chini ya saa ya ukutani, saa kubwa ya mbao aliyoinunua babangu kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama. Anakunywa chai, anauliza watoto, anauliza mifugo ambayo hatuna, na mwisho kabisa, kama jambo la aibu, anataja kodi. Na kila masika aliuliza swali moja.

"Ukuta wahimili, dadangu?"

"Tunaomba Mungu tu, mzee," mamangu anajibu, ameinamisha kichwa.

"Mola atauhifadhi," anasema, anainua mikono, anauombea ukuta. Sisi watoto tunasema amina, ingawa ni Wakristo, kwa sababu ilikuwa ni adabu.

Sasa nije kwa mpango.

Mimi nafanya kazi kwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa kopi karibu na mahakama ya Shanzu. Karatasi za kila aina zinapita mikononi mwangu, talaka, hati za kiapo, notisi za kufukuzwa. Baada ya miaka kadhaa huzisomi tena, unaona nyeusi na nyeupe tu na unaangalia kama wino umeshika. Kwa hivyo rasimu ya mpango wa ardhi wa eneo letu ilipoletwa nitoe kopi, niliitoa kopi. Nilikuwa nishabana kona kwa stepla nilipoona jina la mtaa wetu.

Nilisoma nimesimama. Imeandikwa kwa lugha safi, lazima niseme, haina matusi. Ilikuwa na ramani ya rangi: kahawia ni makazi, nyekundu ni biashara, manjano ni shule na zahanati. Ilisema barabara ya lami itapita wapi, nyumba ikae umbali gani kutoka barabarani, kiwanja kijengwe sehemu yake gani na sehemu gani ibaki wazi, na ghorofa ziruhusiwe wapi. Halafu palikuwa na sentensi mbili ambazo sikuhitaji kuzirudia ili nizikumbuke. Kitalu ambacho nyumba zake nyingi ni za kudumu kitaboreshwa papo hapo, wakazi wakiwemo. Kitalu ambacho nyumba zake nyingi ni za muda kitaondolewa na kuendelezwa upya.

Papo hapo maana yake wanakuletea maji na mtaro wa maji taka, wewe umo ndani ya nyumba yako. Kuendelezwa upya maana yake maghorofa, na wewe humo.

Nikafungua jedwali nyuma. Kitalu chetu: nyumba za udongo, karibu zote.

Msichana aliyetumwa kuhesabu nyumba kwa ajili ya mpango huo nilikuwa namkumbuka. Alikuja mchana wa jua kali, koti la kung'aa la rangi ya machungwa, simu kubwa mkononi, Kiswahili cha Nairobi. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye heshima zake, ila haraka. Alisimama nje, hakuingia, akauliza, "Mathe, hii nyumba ni ya mawe ama ya matope?"

Mamangu alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua hata macho. Alijibu kama mtu anavyoitikia abee.

"Ya udongo, mwanangu. Ya udongo tupu."

Msichana akautazama ukuta, akaona udongo, akabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua kiberiti. Akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na kote akaambiwa udongo. Hakuna aliyekaa kikao, hakuna aliyepanga. Aliuliza lile swali tulilolelewa kulijibu, tukalijibu.

Nilienda nyumbani na ile kopi nikamsomea mamangu. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza, "Kwa hivyo wanataka ya mawe?"

"Wanataka ya mawe, mama."

"Miaka yote hawataki ya mawe. Leo wanataka ya mawe." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Hawa watu wana shida gani lakini?"

Nilitaka kumwambia kwamba si watu walewale. Wasiotaka ni mwenye ardhi, wanaotaka ni watu wa mipango ya mji, ni ofisi mbili zisizojuana. Lakini nilikuwa nimetoka kazini, miguu inauma, na maneno hayo hata masikioni mwangu yalikuwa ya kipumbavu.

Uliitishwa mkutano wa umma. Sheria inataka hivyo, mpango usipite mpaka wananchi waulizwe. Ukumbi ulijaa. Ramani ilitundikwa ukutani, na watu walifanya kile wanachofanya watu wote mbele ya ramani, wakatafuta nyumba zao kwa kidole na kufurahi wakiziona. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza mbaazi na mahamri, aligusa kidoti chake akasema, "Mimi huyu hapa," kama aliyeona picha yake gazetini. Kidoti kilikuwa na rangi ya nyumba za kuondolewa. Hakuna aliyemwambia.

Ofisa wa mipango alikuwa kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi. Alieleza yote, hakuficha. Alisema waziwazi kwamba hesabu ya nyumba ndiyo inayoamua, na kama ina makosa hapa ndipo pa kusema. Akauliza, "Kuna yeyote anayesema nyumba yake imeandikwa vibaya?"

Mstari wa mbele, kiti cha pembeni, alikaa mzee wa kodi. Alikuja kwa niaba ya mwenye ardhi. Koti juu ya kanzu, fimbo kati ya magoti, anatazama mbele.

Watu mia na ushee ndani ya ule ukumbi wanamiliki nyumba za mawe, na wote wanatazama kisogo cha mzee mmoja. Nilisikia feni tu. Mamangu alikuwa ameshika ukingo wa leso yake, anauzungusha kidoleni. Nikasema, nitanyanyuka. Nikaanza kunyanyuka kweli. Akanishika mkono, si kwa nguvu, akasema chini chini, "Nyumba ni yangu. Kaa."

Nikakaa. Ofisa akauliza mara ya pili, akauliza na mara ya tatu, maskini, alifanya kazi yake. Halafu zikagawanywa soda.

Siku chache baadaye niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisini kwao. Yule ofisa alinikumbuka. Nikamweleza habari yote, udongo nje, mawe ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilimwona anajizuia kutabasamu, na sikumlaumu. Akasema inawezekana kurekebisha. Watatuma mtu atoboe kuta aone. Ila kwa kuwa ardhi si yetu, na mikataba inakataza mawe, lazima iwepo barua kutoka kwa mwenye ardhi au wakala wake kwamba anazitambua nyumba hizo kuwa za kudumu. Bila hiyo, alisema, wakiandika mawe watakuwa wamewasaidia wenye ardhi kutushtaki.

Wakala ni nani? Ni mzee wa kodi.

Nilidhani nimeleta habari njema. Nilimkuta mamangu jikoni, nikamwambia ni barua tu, karatasi moja.

"Nani atamwomba?"

"Wewe, mama. Au mimi. Au tuende mtaa mzima."

"Tumwambie nini?"

"Ukweli. Kwamba nyumba ni za mawe."

"Aka!" Aliweka mwiko chini. "Wewe una akili? Yule mtu amekunywa chai yangu tangu wewe hujawa mimba. Amekaa pale, kiti kile, kila masika ananiuliza ukuta wahimili, nami namwambia tunaomba Mungu. Ameuombea dua ukuta wangu! Mikono juu! Leo nikamwambie, mzee, zile dua zako zote ulikuwa unaniombea uongo?"

"Watavunja nyumba."

"Wavunje."

"Mama."

"Wavunje, nimesema. Nyumba ni mawe. Lakini uso huu sina mwingine." Akachukua tena mwiko. "Na wala usiende kwake kwa mlango wa nyuma. Nakujua."

Nilikasirika. Nataka niseme hivyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kukasirika katika jambo hili. Nilitoka nje nikapiga ukuta teke, udongo ukabanduka kidogo, nyeupe ikaonekana, nami nikaogopa kama mtoto nikaenda kuchota maji nikande tope nizibe. Nilipomaliza, hasira ilikuwa imeisha, na haikurudi. Nilikuwa naamka, nakwenda kazini, natoa kopi. Niliwauliza majirani kama watakwenda kwa mzee. Kila mmoja alisema angekwenda kama mwenzake angetangulia.

Mzee aliendelea kuja. Masika yale, ya mwisho, aliuliza tena. "Ukuta wahimili, dadangu?" Aliuliza polepole kuliko kawaida, ameshika kikombe na hakinywi. Akangoja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nakumbuka nilidhani amechoka, uzee.

"Tunaomba Mungu tu, mzee," mamangu akasema.

Akauombea.

Mpango ukapitishwa. Mwenye ardhi, ambaye hatukuwahi kumwona, alipata alichokuwa akikingoja, kibali cha ghorofa, na akauza kwa watu wa kujenga. Sisi tukaletewa notisi na kifuta jasho, kiwango cha nyumba za muda. Notisi nilizitoa kopi mimi mwenyewe, mteja ni mteja. Mwenye kibanda alinitazama akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia wino wa mashine unakwisha.

Watu walianza kuhama. Desturi inasema ukiondoka unaruhusiwa kubeba vifaa vyako, bati, milango, madirisha, boriti. Kwa hivyo mtaa ulivuliwa paa, siku baada ya siku, mpaka ukawa kuta tu zinazotazama juu. Sisi tulipata chumba cha kupanga Bamburi, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama dirisha. Tuliteremsha saa ya ukutani. Msumari ulikataa kutoka, kakangu alihangaika nao kwa nyundo mpaka akauacha.

Siku ya tingatinga, mamangu alisema anataka kwenda. Nikamwambia hakuna cha kuona. Akajifunga leso yake nzuri, ya kanisani. Tukaenda.

Walikuwepo majirani wengi, wamesimama upande wa pili wa njia na miavuli yao. Ofisa wa mipango alikuwepo na kofia ya plastiki. Mzee wa kodi alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki alicholetewa na mtu, kivulini. Mama wa mahamri alikuwepo, na hakuwa na mahamri.

Dereva alianza na yetu, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza. Akaingilia nyuma, ukuta wa jikoni, ule wa udongo kweli. Ulishuka mara moja, vumbi jekundu likapanda, ukaisha. Akaja mbele kwa mwendo uleule, mkono mmoja kwenye usukani, akijua ni udongo kama alivyoambiwa. Jembe la mashine likagonga, likasimama. Mashine ikatetema. Tope la nje likaporomoka lote kwa pamoja kama nguo iliyofunguka kifundo, na chini yake pakabaki ukuta wa mawe meupe, mistari imenyooka, saruji imejaa kila kiungo, safi, haujawahi kupigwa na jua tangu ujengwe.

Mama wa mahamri akasema, "Lo, mzuri," kisha akajiziba mdomo.

Dereva akazima injini akashuka. Akaupapasa ukuta, akageuka kwetu. "Hii si nyumba ya udongo," akasema. "Mwenye nyumba ni nani? Hii ni ya mawe."

Ofisa alifungua karatasi zake, akazifunga. Alinitazama mimi, nikatazama viatu vyangu.

Sote tulijua anayefuata kusema ni nani. Mzee wa kodi alinyanyuka kwenye kiti, akaja polepole na fimbo yake mpaka aliposimama mamangu. Mamangu alijifunika kichwa kwa leso mpaka machoni. Na mimi, binti yake, nimesimama pale nafikiria kama nilifunga bomba la maji kule Bamburi.

"Mzee, nisamehe," mamangu akasema. "Nilikudanganya. Miaka yote."

"Hukunidanganya, dadangu," mzee akasema. "Nalijua."

Mamangu akafunua uso.

"Nalijua tangu marehemu yu hai. Saa kubwa vile, ya mbao, itatundikwa udongoni? Nimekaa chini yake umri wangu wote, wallahi, ningekuwa siamini ukuta ule ningehama kiti." Aliutazama ukuta, si mamangu. "Nyumba zote hizi nazijua. Mimi nalitumwa kodi. Sikutumwa kuwaumbua watu."

"Kule mkutanoni," nikasema. "Ulikuwa umekaa mbele. Mzee, ulikuwa umekaa mbele kabisa."

"Nalikaa mbele nikiwangoja mseme. Mngesema, ningesimama nikasema ni kweli, na barua ningetia sahihi palepale. Lakini nianze mimi? Niinuke mbele ya ofisa, mbele ya watoto wenu, niseme hawa watu ni waongo?" Akatikisa kichwa. "Sikulelewa hivyo. Na kila masika nalimuuliza huyu. Ukuta wahimili? Nalikuwa nampa njia. Mwaka huu nalingoja mpaka chai ikapoa."

Dereva aliuliza aendelee au asiendelee. Ofisa akasema mpango umeshapitishwa, umeshasainiwa, ardhi ishauzwa, hana uwezo. Alisema samahani, na nadhani alikuwa anamaanisha. Dereva akapanda akawasha mashine. Nyumba yetu ilipomchelewesha aliiacha nusu, akapita kwanza kubandua tope la nyingine aone zipi ni za mawe. Iliyofuata vilevile, tope likaanguka, yakatoka mawe. Na iliyofuata. Kila moja ikionekana watu wanaguna, na adhuhuri ilipofika mtaa wote ulikuwa umesimama mweupe, jinsi ulivyokuwa siku zote, na hakuna mtu aliyewahi kuuona hivyo.

Mamangu na mzee walikuwa bado wamesimama pamoja.

"Ungeniambia," mamangu akamwambia.

"Na wewe ungeniambia," mzee akasema.

Mamangu aliitikia kwa kichwa. Kisha akaketi juu ya jiwe moja, lenye saruji ya babangu upande mmoja, akasema ana kiu. Nikaenda kutafuta maji.